Makofi kwa Janeffer

Mimi sijui kunyamaza. Nimezaliwa hivyo, na marehemu mume wangu alilijua hilo kabla hajanioa, kwa hivyo hakuwa na la kulalamika. Mtu akija leo kunisimulia ati mambo ya Janeffer pale Bethania yalinyooshwa na maombi peke yake, mimi humwambia akae chini, nimpe chai, nimweleze vizuri. Maombi yalikuwepo, sikatai. Lakini kulikuwa na masikio pia, na masikio ndiyo yaliyotuponza.

Bethania ni kituo cha mafungo, juu kidogo ya Roret, kilima kizima kimezungukwa na majani chai. Watu wa makanisa walikuwa wakija kufunga na kuomba, halafu wanarudi kwao. Pasta Ongeri, Mkisii mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, alipofanywa mkubwa wa kituo aliona haya vyumba kukaa bure wiki nzima huku vijana wa hapo wakizeeka kando ya barabara. Akaanzisha mpango wa vijana: useremala, uashi na ushonaji. Walioacha shule wakachume chai, waliofiwa na wazazi, wasichana walioharibikiwa, wote aliwachukua. Mwalimu wa ushonaji nikawa mimi, Nyathira. Nilikuwa na duka la nguo Londiani mpaka mwaka wa tisini na mbili, likachomwa, na sitaki kuzungumza habari zake. Nilifika Bethania na cherehani moja juu ya mkokoteni, Pasta akanipa chumba na darasa bila kuniuliza mimi ni mtu wa wapi. Kwa hilo nitamheshimu mpaka nife, hata kama hapa nitamsema.

Janeffer aliletwa wakati wa mvua ya Aprili, mwaka wa tisini na sita, na mama mmoja wa kanisa aliyemkuta amelala kwenye banda la kununulia majani chai. Alikuwa msichana mkubwa, wa miaka kama kumi na saba, Mkipsigis wa upande wa Kapkatet. Yule mama alituambia tu kwamba amekosana na babake. Janeffer mwenyewe hakuongeza neno. Ukimwuliza habari ya nyumbani anainamia cherehani, na ukimwuliza mara ya pili anainama zaidi, nami nikaacha kumwuliza.

Lakini mkono wake, jameni. Mimi nimefundisha wengi, na wengi wao wanashona kama wanaofunga gunia la viazi. Janeffer ukimwonyesha kola mara moja, kesho anakurudishia kola iliyolala vizuri kuliko yako. Nilimchapa kwa maneno kila siku, maana ndiyo njia yangu ya kumpenda mtu, naye alikuwa anatabasamu kidogo na kuendelea. Kufikia Juni nilikuwa nimeshamwandikisha mtihani wa serikali wa gredi ya ufundi, Kericho, mwezi unaofuata. Hakuna kijana wa Bethania aliyewahi kufika huko. Mama mmoja anayeshona yunifomu za shule pale Kericho alikuwa ameniahidi: akipita, kazi ipo na chumba kipo. Janeffer aliposikia kuna chumba aliniuliza kama mlango wake unafungwa kwa ndani. Nikamwambia unafungwa. Kuanzia siku hiyo alikuwa wa kwanza kuingia darasani na wa mwisho kutoka.

Sasa, Pasta alikuwa na ibada yake aliyoipenda kuliko zote. Aliiita Jumapili ya Kurudi Nyumbani. Kijana aliyetubu anapiga magoti mbele ya mzazi wake, mzazi anamfunika shuka mabegani, watu wanaimba, kisha wanaondoka pamoja. Ni kitu kizuri. Mara ya kwanza nilipokiona nililia mpaka nikaaibika. Kabla ya hiyo Jumapili huwa kuna jioni ya ushuhuda, ambapo vijana husimama mmoja mmoja na kusema aliyotendewa na Mungu.

Jioni hiyo mimi sikuwepo. Nilikuwa nimeenda Kericho kutafuta nyuzi na vifungo, mvua ikanilaza huko kwa dada yangu. Niliporudi kesho yake nikamkuta Pasta langoni, amefungua mikono yote miwili.

"Mwalimu, Janeffer ametubu."

Nikamwuliza ametubu nini, maana dhambi kubwa ya msichana huyo niliyoijua mimi ni kung'ata uzi kwa meno wakati makasi yako mezani. Akacheka. Akanieleza vile Janeffer, aliyekuwa hajawahi kufungua mdomo, alisimama mbele ya watu wote machozi yakimtiririka, akasema, "Mimi nimetubu," akakaa. Hakusema lingine. Ukumbi mzima ulipiga makofi na vigelegele. Asubuhi Pasta alimwita ofisini kuhakikisha, kwa sababu yeye si mtu wa kubahatisha roho za watu. Akamwuliza, "Janeffer, ni kweli umetubu?" Janeffer akajibu, "Ni kweli kabisa, Pasta," na akalia tena. Basi saa hiyo hiyo Pasta akatuma mtu Kapkatet amwambie babake kwamba binti ametubu, aje Jumapili amchukue.

Haraka haraka haina baraka, lakini mwambie Pasta Ongeri. Nilimwuliza habari ya mtihani, akasema mzazi akishapatana na mtoto atamleta mwenyewe kwenye mtihani. Nikanyamaza, nayo kwangu ni kama kufunga chakula siku tatu.

Janeffer naye aliharibika mikononi mwangu. Alishona mkono wa blauzi ndani nje. Akavunja sindano. Ijumaa akakata kitambaa cha mtu upande usiofaa, na alipoambiwa babake anakuja Jumapili aliachia makasi yakaanguka sakafuni. Jumamosi asubuhi yule mama aliyemleta akapita kwetu na habari za Kapkatet: baba anatembea akiwaambia watu kwamba msichana wake amekubali sasa, arusi ni Agosti. Arusi gani tena? Nikafunga mlango wa darasa, nikavuta kiti, nikamwambia Janeffer leo hatushoni mpaka aongee.

Alizungusha uzi kidoleni, akaufungua. Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Mwalimu, mtu akitubwa, kwa nini watu wanapiga makofi?"

Sikumwelewa. Nikamwambia arudie yale aliyosema jioni ile, neno kwa neno, akarudia. "Nimetubwa," alisema. Nikamwambia arudie tena. "Nimetubwa. Baba yangu alinituba... alinitupa. Inje ya geti. Na sanduku yangu."

Ngai, Mungu wangu. Nilishika kichwa.

Wewe unayesoma, kama hujaishi na Wakipsigis, ngoja nikueleze. Kwao p na b ni mapacha. Ukimwita mmoja anaweza kuja mwenzake. Wao wenyewe wanaelewana bila shida yoyote. Na mimi siwacheki, maana sisi Wakikuyu nasi tuna yetu: nikikwambia naenda kurara, wewe tandika kitanda. Ulimi hauna mfupa. Janeffer alisema ametupwa. Pasta, ambaye wiki nzima alikuwa akihubiri toba, akasikia kile alichokuwa akikingoja. Na alipomwita ofisini amwulize kama ni kweli ametubu, Janeffer alisikia neno alilolijua yeye, maana kwao husali kwa Kipsigis na hilo la kutubu hakuwahi kulitumia. Aliulizwa kama alitupwa kweli, akasema kweli kabisa.

Kisha akanieleza yote, ameinamisha uso. Mama yake alifariki akiwa bado shule ya msingi. Babake, Mzee arap Mosonik, si mlevi wala si maskini. Ana chai, ana ng'ombe, ni shemasi kanisani. Alimpangia mume, mwenye kinu cha kusaga mahindi, mtu wa rika lake yeye mzee. Janeffer akakataa. Wasichana wengi hukataa, hulia, hunyamazishwa, lakini Janeffer alikataa mbele ya wageni, chai ikiwa mezani, na hiyo ndiyo iliyomuua mzee kwa aibu. Wageni walipoondoka alilibeba sanduku lake mpaka nje ya lango, akasema yeye hana mtoto wa jina hilo. Aliposimama kwenye ushuhuda, Janeffer alikuwa anatamka jambo hilo kwa mara ya kwanza maishani, nasi tukamshangilia.

Nilikasirika. Nikamwita Kipkemoi wa useremala, Mkipsigis mwenzake, nikamwuliza wao walisikia nini. Akasema walisikia ametupwa, wote. Sasa mbona mlipiga makofi, nyinyi watu? Akajikuna shingo. Akasema Pasta alipopaza sauti Haleluya, walidhani anamsifu Mungu kwa kuwaokota waliotupwa, na wao karibu wote ni waliotupwa, basi wakapiga makofi kwa nguvu. Kwa hilo sikuweza kumgombeza.

Nikaenda mbio kwa Pasta. Alikuwa ameshaondoka kwenda Kisii kuleta wageni wa ibada, na simu ya kituo ilikuwa imekufa tangu mvua ianze. Nikarudi darasani. Nikararua kipande cha karatasi ile nyepesi tunayokatia vipimo, nikakining'iniza mbele ya mdomo wa Janeffer, nikamwambia aseme p mpaka karatasi iruke. Mchana kutwa tulikuwa hapo. Pa, pa, tupa, tupwa. Karatasi ikatulia tu, halafu ikacheza, halafu ikaruka, naye akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Nilimwambia nitasimama mimi nimsemee, maana mdomo wangu haujawahi kuniangusha. Akatikisa kichwa.

"Hapana, Mwalimu. Ni mimi nilitupwa. Nitasema mimi."

Jumapili gari la wageni lilifika kengele ikilia. Nilimshika Pasta mkono wa koti pale mlangoni, nikaanza kumweleza, naye akanipigapiga bega akicheka, "Baadaye, Mwalimu, baadaye," akapita na wageni wake. Nikaingia ndani nimefura. Wageni wa Kisii na Nakuru walikaa mbele upande wa kulia, watu wa hapa kwetu upande wa kushoto, vijana nyuma.

Arap Mosonik alikuwa amekaa kiti cha kwanza. Nilikuwa nimeshamchora akilini: mtu wa macho mekundu na fimbo. Kumbe ni mzee mwembamba, suti ya zamani imepigwa pasi vizuri, amekaa na shuka iliyokunjwa juu ya magoti. Shuka ya mwanamke, ya bluu, imefifia. Janeffer alipoiona alinishika mkono. Akaninong'oneza kwamba hiyo ilikuwa ya mamake. Nilimchukia yule mzee zaidi hapo, kwa kujua kuchagua cha kumlainisha.

Vijana wengine wawili walitangulia, wakapiga magoti, wakafunikwa, tukaimba. Kisha Pasta akaita jina la Janeffer kwa sauti yake ile. Alieleza wageni vile msichana huyu alikuja akiwa bubu na leo amepata ulimi. Akamwambia babake asimame. Akamwambia Janeffer apige magoti, amwambie mzazi wake lile alilotuambia sisi.

Janeffer hakupiga magoti. Alisimama mbele ya babake, mikono imeshikana, mimi kwenye benchi midomo yangu ikisema pa, pa, pa peke yake. Nikamwona anavuta pumzi.

"Baba," alisema. "Nimetubwa."

Kazi yote ya karatasi ilikuwa imeyeyuka. Pasta akainua mikono, "Haleluya," na upande wa kulia wote ukalipuka kwa makofi. Upande wa kushoto hakuna hata mmoja aliyesogeza kidole. Watu wa Roret na Kapkatet walikuwa wamesikia vizuri sana. Wanawake walitazama chini. Vijana nyuma walinyamaza, kwa sababu safari hii aliyemtupa alikuwa amesimama pale pale. Makofi yakapungua, yakawa ya mtu mmoja mmoja, yakaisha.

Mzee alikuwa ameshainua shuka. Mikono ikabaki hewani.

Pasta akamsogelea. Akamwambia kwa upole, "Mzee, binti yako ametubu. Unampokea?"

Hapo ndipo mimi nilitaka kusimama, na nakwambia nikabaki nimeng'ang'ania benchi. Nilijua kilichobaki. Yule mzee alikuwa na neno moja tu la kusema. Angeitikia, ndiyo, nampokea. Shuka inashuka mabegani, wimbo unaanza, gari linangoja, na Agosti si mbali. Nani angembishia? Pasta mwenyewe ndiye aliyempa hilo neno. Watu wa hapa wasingemwaibisha shemasi mbele ya wageni, hiyo si tabia yao. Mzee alimtazama Janeffer, na Janeffer hakuinamisha macho. Aliyaacha kwake hivyo hivyo, yamejaa maji.

"Pasta," mzee alisema, polepole, "hajasema hivyo."

Pasta akatabasamu kama mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Amesema ametupwa. Ni ukweli. Na aliyemtupa ni mimi."

Alishusha ile shuka, akaikunja tena, akaiweka kwenye kiti. Kisha akageukia watu. Alisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, na hata mgeni wa Nakuru alielewa kila neno, kwamba alipoletewa habari kwamba binti ametubu alifurahi, akajua ameshinda. Amekuja kuchukua ushindi wake. Hakujua ataambiwa hilo neno usoni, na mtoto aliyeachiwa na marehemu mke wake. Alisema yule mtu wa kinu atamwambia yeye mwenyewe, leo leo, kwamba arusi hakuna. Halafu akasema, "Mwenye kutubu hapa ni mimi," akakaa chini kwa uzito.

Pasta Ongeri alinitafuta kwa macho. Nilimwitikia kwa kichwa tu. Mtu huyo ana makosa yake, lakini hana kiburi. Alimwendea Janeffer, yeye na urefu wake wote, akainama mpaka nyuso zikalingana.

"Mwanangu, ulituambia jambo zito, na mimi nikakupigia makofi," alisema. "Nisamehe."

Janeffer akamwitikia haraka, kwamba haina neno. Pasta akashusha pumzi. Na kwa kuwa Pasta ni Pasta, hawezi kuona mlango bila kuusukuma, akamwuliza, "Na baba yako? Unamsamehe?"

Ukumbi wote ulimgeukia. Mzee naye aliinua uso. Wageni walikuwa wameshaanza kushika vitabu vya nyimbo.

"Bado," Janeffer alisema.

Mgeni mmoja aliguna. Pasta alifungua mdomo ili amwombee, ashauri, sijui, nikamkazia jicho akaufunga. Mzee ndiye aliyetuokoa. Alisema ni haki yake, na kwamba yeye atakuwa akija. Akauliza mtihani ni lini. Nikamwambia.

Tulikula chakula cha mchana, wali na nyama, kila mtu akijifanya anaongea habari za mvua. Mzee alikaa peke yake kwenye benchi nje ya darasa langu, sahani haijaguswa, na hakuna aliyejua kama ni vizuri kumsogelea. Mimi nilikuwa ndani nikipanga nguo. Janeffer akaingia, akanipita bila kusema kitu, akachukua tepu ya kupimia kwenye msumari, akatoka nayo. Nilikwenda dirishani. Sijifichi: nilikwenda kusikiliza.

Alimwambia babake asimame. Mzee akasimama. Akampima mabega, akampima kifua, akamwambia ainue mkono, akapima urefu wake mpaka kwenye kifundo, kila kipimo akikitaja kwa sauti ndogo ili asikisahau. Aligusa tu pale inapobidi kugusa. Mzee alikuwa akitazama mbele. Mwishowe akauliza, kwa Kipsigis, na hicho kidogo nakisikia, kama anamshonea shati.

"Ni ya mtihani," Janeffer alimjibu kwa Kiswahili. "Lazima iwe na kipimo ya mtu. Sijasema ni yako."

"Sawa," mzee akasema.

"Simama vizuri, basi. Umeinama."

Mzee alijinyoosha. Janeffer akaanza upya kumpima mabega.